Mchezo wa risasi wa watu wawili: ubora wake, kasoro zake, na sababu ya mmoja kuhisi ameonewa

SWALI: Mimi na rafiki yangu tulijifunza wenyewe kupanga programu, na kwa miezi kadhaa tumetengeneza mchezo wa kompyuta wa kupigana risasi, unaochezwa na watu wawili kwenye kibodi moja. Sisi tunaufurahia sana, lakini wengine tukiwapa huacha baada ya raundi tatu au nne, na mara nyingi husema kwamba mchezo wenyewe unaonea. Tunakutumia mchezo pamoja na msimbo wake, yaani maagizo ya programu tuliyoyaandika. Tungependa kujua ubora wake na kasoro zake, na kama sasa tuongeze silaha au tuuwezeshe kuchezwa kupitia intaneti.

JIBU: Ndugu mwulizaji, nimeucheza mchezo wenu jioni mbili pamoja na mwenzangu wa kazini, kisha nikausoma msimbo wake tangu faili ya kwanza hadi ya mwisho. Mna mchezo mzuri, na wanaosema kwamba unaonea nao wamesema kweli. Mambo haya mawili hayapingani, kwa sababu kubuni mchezo ni kazi moja na kuutekeleza katika msimbo ni kazi nyingine. Nyinyi mmefaulu katika ile ambayo ni vigumu kumfundisha mtu, mkateleza katika ile inayorekebishika kwa siku chache za kazi ya utulivu.

Nieleze kwanza mchezo wenyewe kwa ajili ya wasomaji wengine. Uwanja unatazamwa kutoka juu na wote wawili huuona mzima kwenye skrini moja yenye upana wa piseli 960, yaani nukta ndogo zinazounda picha. Katikati pana ukuta mwembamba uliosimama wima, na pembeni vipo vizuizi vinne. Mchezaji wa kwanza ni mtu mdogo mwekundu anayeanzia kushoto, na wa pili ni wa kijani anayeanzia kulia. Kila mmoja ana risasi sita. Zikimalizika lazima ajaze bunduki kwa sekunde mbili, na anapojaza hutembea polepole. Risasi ikigonga ukuta hudunda mara moja, ikigonga tena hupotea. Anayepigwa mara tatu hufa, na wa kwanza kushinda raundi tano ndiye mshindi.

Katika maelezo hayo machache, jambo ninalolithamini kuliko yote ni lile la kujaza bunduki. Mlipoweka mlio mkavu wa bunduki tupu, ule mlio mfupi wa chuma unaosikika mtu anapobonyeza kitufe na risasi zimekwisha, huenda mlidhani mnampa taarifa yule mwenye bunduki. Kumbe mmempa taarifa adui yake pia. Katika raundi ya saba au ya nane nilikuwa nimejibanza nyuma ya kizuizi cha chini kushoto, nikapiga risasi ya sita bila kuhesabu, kisha nikabonyeza tena na mlio ule ukasikika. Mwenzangu hakusema neno. Alitoka tu mafichoni mwake, akavuka uwanja kwa mstari ulionyooka, kwa sababu alijua nina sekunde mbili za unyonge na mwendo wa kobe, akanipiga mara tatu kabla sijamaliza kujaza. Kuanzia hapo kila mmoja wetu alianza kuhesabu risasi za mwenziwe kwa sauti ya chini, na nilipofika risasi ya tano nilijifunza kuihifadhi ile ya sita ili asijue kama ninayo. Hakuna mahali popote katika mchezo palipoandikwa kwamba wachezaji wahesabu risasi. Kanuni tatu ndogo, yaani risasi chache, mlio unaosikika na wote, na mwendo wa polepole, zimezaa mbinu hiyo zenyewe. Wapo watengenezaji wenye uzoefu wa miaka mingi wanaotafuta jambo la namna hii bila kulipata.

Kudunda kwa risasi nako kumepimwa vizuri. Ingedunda mara nyingi, uwanja ungejaa risasi zisizo na mwenyewe na ushindi ungekuwa wa bahati. Isingedunda kabisa, anayejificha nyuma ya kizuizi angekaa humo mpaka mwenziwe achoke. Mara moja inatosha kumtoa mtu mafichoni na bado anayelenga anaweza kuihesabu pembe akilini. Vilevile mmefanya vyema kutogawa skrini vipande viwili. Katika skrini iliyogawanywa kila mtu huweza kuchungulia upande wa mwenziwe, na mchezo unaotegemea kujificha hugeuka kuwa mchezo wa kuchungulia. Nyinyi mmekubali tangu mwanzo kwamba kila kitu kiwe wazi, mkajenga mvutano juu ya uwazi huo. Na raundi ni fupi, hivyo aliyekufa harudi nyuma kukaa na kusubiri, jambo ambalo huwaudhi wachezaji kuliko kushindwa kwenyewe.

Sasa nije kwenye kasoro. Kabla sijazitaja nieleze kipimo ninachotumia, kwa sababu bila kipimo mtapata orodha ndefu na mtaanza kurekebisha yasiyo na uzito. Katika mchezo wa watu wawili, kasoro inayowaangukia wote sawasawa ni sehemu ya tabia ya mchezo, na mara nyingi mnaweza kuishi nayo. Kasoro inayomwangukia mmoja tu ndiyo inayouua mchezo, hata ikiwa ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Mfano bora ni Spacewar!, mchezo wa watu wawili wa kupigana kwa vyombo vya angani ulioandikwa mwaka 1962 na Steve Russell na wenzake kwenye kompyuta ya PDP-1 katika chuo cha MIT, Marekani. Ndani yake mna nyota inayovivuta vyombo, lakini makombora hayavutwi nayo, kwa kuwa mashine ile haikuwa na uwezo wa kupiga hesabu zote hizo kwa wakati. Kwa fizikia hilo ni kosa, lakini makombora ya pande zote mbili yalikosea kwa namna ileile, na mchezo ukabaki mtamu. Tatizo lililowasumbua lilikuwa jingine: mwanzoni wachezaji walitumia swichi za mashine yenyewe, ambazo zilichosha viwiko, na kutokana na mahali zilipowekwa mmoja wao aliiona skrini kwa ubavu. Hilo halikuvumiliwa. Alan Kotok na Robert Saunders walitengeneza visanduku vya kuongozea vilivyotenganishwa na mashine, ili kila mmoja akae mbele ya skrini kama mwenziwe.

Kwenu nyinyi, tuliona jambo hilo kabla hatujalielewa. Tulipobadilishana viti, ushindi nao ulihama. Aliyekaa kushoto ndiye aliyeshinda raundi nyingi zaidi, awe mimi au mwenzangu, na hasa alishinda katika sekunde za mwanzo za raundi. Nikapiga picha ya skrini, nikaanza kuhesabu piseli.

Ukuta wenu wa katikati unaanzia piseli ya 472 na kuishia ya 488, yaani una unene wa piseli 16. Risasi husogea piseli 20 katika kila fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini, na msimbo hukagua kama risasi imo ndani ya ukuta pale tu inapotua, bila kuangalia ilipopita. Risasi ya mchezaji wa kwanza, anapofyatua bila kusogea kutoka mahali pa kuanzia, hutokea kwenye piseli ya 70. Hatua ya 20 inaifikisha 470, mbele kidogo ya ukuta. Hatua ya 21 inaifikisha 490, nyuma yake. Haikuugusa. Imeuruka kama mtu anavyoruka mfereji. Risasi ya mchezaji wa pili hutokea kwenye piseli ya 880, na hatua yake ya 20 inaifikisha 480, katikati kabisa ya ukuta, ikadunda na kumrudia mwenyewe. Kwa hiyo raundi inapoanza, aliye kushoto anampiga mwenziwe kupitia ukuta, na aliye kulia akijibu hujipiga mwenyewe. Haishangazi kwamba wageni husema wameonewa.

Hapa kuna makosa mawili yaliyopandana. La kwanza ni la namna ya kukagua ukuta. Mtu akifyatua kutoka mahali popote pasipopangwa, hatua ya piseli 20 mbele ya ukuta wa piseli 16 inamaanisha kwamba kwa wastani risasi moja kati ya tano itapenya. La pili ni kwamba mahali risasi inapotokea hupimwa kutoka ukingo wa kushoto wa picha ya bunduki kwa wachezaji wote wawili, ilhali wa pili amegeuzwa. Picha ya bunduki ina upana wa piseli 10, basi risasi ya kwanza inatokea kwenye kitako na ya pili kwenye mdomo wa mtutu. Kama mngepima kwa uangalifu, mchezaji wa kwanza angefyatua kutoka piseli ya 80 na wa pili kutoka 880, na umbali wa pande zote mbili ungelingana. Rekebisheni yote mawili, na msiridhike na hilo la pili peke yake kwa sababu tu linaficha la kwanza. Tiba ya la kwanza ni kukagua mstari mzima unaounganisha mahali risasi ilipokuwa na mahali inapofika, na kutafuta ni wapi mstari huo unakata ukuta. Kuunenepesha ukuta kungepunguza dalili, lakini mkiongeza kasi ya risasi siku moja ugonjwa utarudi.

Kasoro ya tatu iko ndani zaidi, na sidhani kama kuna mchezaji atakayeweza kuieleza, ingawa ataihisi. Katika kila fremu msimbo wenu huzishughulikia kwanza risasi zote za mchezaji wa kwanza. Ikitokea mchezaji wa pili amekufa, raundi inafungwa papo hapo, na risasi za mchezaji wa pili za fremu hiyohiyo hazikaguliwi tena. Maana yake ni kwamba wote wawili wakibakiwa na pigo moja na risasi zao zikafika kwa wakati mmoja, mchezaji wa kwanza hushinda daima. Hali hiyo haitokei mara nyingi, lakini inapotokea ni ule wakati ambao wote wamesimama na kupiga kelele, na ndio watakaoukumbuka. Sogezeni kwanza vitu vyote, kisha kusanyeni mapigo yote ya fremu hiyo bila kuyatekeleza, kisha yatekelezeni kwa pamoja. Wakifa wote wawili, raundi iwe sare. Sare kwa kuuana ni jambo linalochekesha na kuwafanya watu waombe raundi nyingine, msiikwepe.

Kibodi inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapo kosa si lenu lakini mzigo ni wenu. Ndani ya kibodi vitufe vimeunganishwa kwa nyaya za safu na nyaya za nguzo, na kompyuta hutambua kitufe kwa kuangalia safu gani imegusana na nguzo gani. Vitufe vitatu vikibonyezwa kwa pamoja na vikawa kwenye pembe tatu za mstatili mmoja wa nyaya hizo, kibodi isiyo na diodi (kipande kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) katika kila kitufe haiwezi kujua kama pembe ya nne nayo imebonyezwa au la. Ili isitoe herufi ambayo hakuna aliyeigusa, kibodi za kawaida hukataa kitufe cha tatu. Mtu anayeandika barua hatagundua hilo maisha yake yote. Lakini wachezaji wenu wawili hushikilia vitufe vinne hadi sita kwa wakati mmoja, na matokeo yake ni kwamba mmoja akishikilia vitufe viwili vya mwendo, kitufe cha mwenziwe cha kufyatulia chaweza kukosa kusikika. Mwenzangu aligundua mchanganyiko mmoja wa namna hiyo kwenye kompyuta yake ndogo, na kwa raundi mbili alinizuia nisifyatue bila mimi kuelewa kinachonipata. Mchanganyiko unaokataliwa hutofautiana kutoka kibodi moja hadi nyingine, hivyo hamwezi kuchagua vitufe vitakavyofaa kila mahali. Mnachoweza ni kuweka ukurasa wa wachezaji kujichagulia vitufe wenyewe, pamoja na sehemu ndogo ya majaribio ambapo wote wawili wanabonyeza na kuona kila kitufe kikiwaka, kisha kuruhusu vidhibiti vya mkononi kwa wenye navyo.

Kitufe cha Shift mlichompa mchezaji wa pili kwa kufyatulia kilichaguliwa kwa akili, kwani kwa kawaida kitufe hicho huunganishwa kwa namna ambayo hakizuiwi na vingine. Bahati mbaya kwenye Windows kina kazi nyingine. Kikibonyezwa mara tano mfululizo, mfumo hufungua dirisha la kuuliza kama unataka kuwasha msaada uliotengenezwa kwa ajili ya watu wasioweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Na Shift ya kulia ikishikiliwa kwa sekunde nane, hufunguka dirisha jingine la msaada wa namna hiyo. Bunduki yenu ina risasi sita. Mchezaji wa pili akifyatua kwa haraka, risasi ya tano humtolea dirisha usoni, mchezo unaendelea nyuma yake, na aliye kushoto anammaliza. Msaada huo ni wa lazima kwa wanaouhitaji, kwa hiyo msijaribu kuuzima kwa kutumia msimbo. Hamisheni tu kitufe cha kufyatulia, na mchezo usimame wenyewe kila dirisha lake linapoachwa nyuma.

Lipo jambo moja linalowaangukia wote sawasawa ambalo hata hivyo sitawashauri mliache. Mwendo wa watu na wa risasi umefungwa kwenye fremu. Kwenye skrini inayochora picha mara 60 kwa sekunde, risasi huenda piseli 1,200 kwa sekunde. Kwenye skrini inayochora mara 144, mchezo wote huenda kasi mara 2.4. Kasi hiyo ni sawa kwa pande zote mbili, lakini ule unyonge wa sekunde mbili mliouhesabu kwa saa haubadiliki, wakati adui anavuka uwanja kwa kasi zaidi ya maradufu. Uwiano ule mzuri niliousifu unavunjika. Yaelekea baadhi ya waliouacha mchezo wenu hawakuucheza mchezo huu kabisa. Walicheza mwingine, wenye kanuni zilezile na mwendo usiofaa. Tenganisheni hesabu za mchezo na uchoraji wake: hesabu ziende hatua 60 kwa sekunde kwenye kila mashine, na skrini ichore mara inazotaka. Wengi watawashauri mzidishe tu kila mwendo kwa muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Njia hiyo ni rahisi zaidi, lakini hufanya urefu wa hatua za risasi utofautiane kutoka mashine moja hadi nyingine, na kwa mchezo unaotegemea pembe za kudunda napendelea hatua zisizobadilika.

Katika kanuni zenyewe nimeona kosa moja tu. Aliyeshinda raundi huanza inayofuata na risasi tatu za ziada. Nadhani mlitaka kumtuza, lakini ushindi umekwisha kumtuza kwa pointi. Anayeongoza akipewa pia silaha ya kuendelea kuongoza, raundi ya pili na ya tatu huamua mechi nzima, na aliyeshindwa huona mwisho kabla haujafika. Zaidi ya hayo, risasi tisa zinaharibu ile hesabu ya risasi sita ambayo ndiyo moyo wa mchezo. Iondoeni. Mkitaka zawadi, itokee katikati ya uwanja baada ya muda ambao wote wawili wanauona ukihesabiwa kwenye skrini, kila mmoja aamue kama itafaa kujihatarisha.

Kuhusu rangi, nyekundu na kijani ndizo mbili ambazo watu wengi hushindwa kuzitofautisha. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya kaskazini ni takriban mmoja kati ya 12. Tumieni bluu na rangi ya machungwa, na mmoja avae kofia ya mviringo na mwingine ya pembe. Bunduki ya kila mmoja iwe na mlio wake, mmoja mzito na mwingine mwembamba, maana kwa sasa sikio haliwezi kujua nani amebaki mtupu isipokuwa kwa kukisia.

Mmeuliza juu ya silaha mpya na intaneti. Silaha ziacheni kwa sasa, kwa sababu kila silaha mpya itahitaji kupimwa upya dhidi ya kudunda, kujaza na mwendo, na mtapoteza uwiano mlioupata kabla hamjaufahamu vizuri. Intaneti ni kazi kubwa kuliko yote mliyokwisha kuifanya. Taarifa ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, risasi yenu imekwisha kwenda piseli 120, na mtu wenu ana upana wa piseli 32; kila mmoja ataona amekwepa risasi ambayo kwenye mashine ya mwenziwe imempiga. Yapo maarifa ya kulikabili hilo, lakini yote yanahitaji kwanza hatua za hesabu zisizobadilika na mapigo yanayotekelezwa kwa pamoja, mambo ambayo bado hamna.

Kwa hiyo anzeni na ukuta na mahali pa kutokea risasi, kisha mfuatano wa mapigo, kisha hatua za hesabu, kisha vitufe. Mkimaliza, tafuteni watu wasioujua mchezo, wabadilishane viti kila raundi, na muandike kiti kilichoshinda bila kujali jina la mshindi. Nyinyi wawili msijihesabu, kwa sababu ninaamini kila mmoja wenu ana kiti chake alichokizoea na ameshajifunza kukwepa maovu yake bila kujua. Kiti cha kushoto kikishinda mara 60 au zaidi katika raundi 100, jueni kwamba matokeo kama hayo, kama viti vingekuwa sawa kweli, yangetokea kwa bahati tu chini ya mara 3 katika kila majaribio 100 ya namna hiyo. Rudini kwenye msimbo na mtafute tena mnapotaja mchezaji wa kwanza kabla ya wa pili.